Fundi anataka majibu ya rangi na taili leo leo na mi sijui hata nataka nini, nihamie nyumba ikiwa nyeupe tu?

Vumbi_Tupu

Wakuu habari zenu. Tunakarabati nyumba, sio ujenzi mpya, ni nyumba ya zamani tumevunja jiko na bafu, tumeondoa ukuta kati ya sebule na sehemu ya kulia, waya zote za zamani zimetolewa. Kilichonichosha sio vumbi jamani, ni maswali. Kila asubuhi nikifika site fundi ananipokea na maswali matano hata sijashusha mkoba, rangi gani, taili gani, soketi ngapi, vitasa vya njano au vya fedha, dari bapa au yenye pambo, na zote anazitaka leo leo kana kwamba nyumba itaota miguu.

Kwenye simu nina picha mia nne na kitu za sebule za watu. Jumatatu nataka ukuta wa kijani, Jumatano nataka nyeupe kila mahali, Ijumaa nikakutana na picha ya ukuta rangi ya udongo nikabadilika tena. Mume wangu anasema "chagua yoyote", kwa tafsiri ni kwamba nichague mimi alafu yeye aje alaumu.

Nimewaza hivi: tupige nyeupe nyumba nzima, tuhamie, tukae miezi kadhaa tuijue nyumba alafu ndo tuamue rangi na mapazia na mengine. Fundi amenitazama kama mtu mwenye homa. Je ni ujinga? Kuna aliyefanya hivi? Na tafadhali msiniambie haraka haraka haina baraka, hiyo mama mkwe kashaniambia, na ni yeye huyohuyo anayeuliza kila siku tunahamia lini.

Shangazi Pazia

Dada hujakosea hata kidogo, mi nilikosea kwa niaba yako tayari lol.

Nilichagua rangi ya chumba cha kulala dukani, dakika kumi, kwenye kile kikadi kidogo cha rangi, kijani fulani kilichopooza kizuri kweli. Nikaagiza ndoo, fundi akapiga siku mbili, mchana nikaja nikaona inapendeza nikapiga na picha. Tukahamia. Usiku wa kwanza nawasha taa, chumba kimekuwa wodi. Nasema wodi kabisa, nilibaki kusubiri nesi aje kunichoma sindano. Kumbe dukani kuna taa nyeupe kali, nyumbani nimeweka balbu za njano, na kile chumba hakipati jua mpaka jioni, kwa hiyo kijani nilichokilipia nilikuwa nakiona kama saa moja kwa siku. Nimekaa nacho mwaka mzima kwa hasira ndo nikapaka upya.

Siku hizi nikitaka rangi nanunua kopo dogo kabisa, napaka kwenye kadibodi kubwa, sio kipande cha kiganja, kubwa kama ukurasa wa gazeti uliofunuliwa, mara mbili ili isioneshe chini, naiacha ikauke vizuri maana rangi ya maji ikikauka mara nyingi inakoza kidogo. Alafu naihamisha. Leo iko ukuta wa dirishani, kesho ukuta unaotazama dirisha, keshokutwa kona ya nyuma ya mlango kule kwenye giza. Naiangalia asubuhi, mchana na usiku taa ikiwa imewaka. Usipake rangi ya kujaribu moja kwa moja kwenye ukuta wenye rangi ya zamani, ile rangi ya pembeni inakudanganya macho, kijivu ukikiweka katikati ya njano kinaonekana kama zambarau, nakwambia ukweli.

Na kitu kingine, rangi kwenye kuta nne inakuwa kali kuliko kwenye kikadi, kuta zinaangaziana. Ukipenda rangi fulani jaribu na ile iliyofifia zaidi yake pia.

mpitanjia

"Kubaki kusubiri nesi" 😂😂 nimecheka peke yangu kwenye foleni watu wamenigeukia

Fundi_Mstaafu

Habari za humu. Nimefanya kazi hii miaka mingi kabla mgongo haujagoma kwa hiyo niwasemee mafundi kidogo. Fundi wako hakusumbui kwa kupenda. Akisimama, wasaidizi wake wanasimama pia, na anajua kitu ambacho wewe hukijui, kwamba swali moja katika yale matano likikosa jibu leo kesho atapiga lipu juu yake na wiki ijayo atakuja kuibomoa. Shida ni kwamba anakuuliza yote kwa sauti moja, na la soketi anakuuliza sawasawa na la vitasa wakati sio mambo ya uzito mmoja.

Dada chukua karatasi mbili. Ya kwanza andika kila kinachoingia NDANI ya ukuta au chini ya sakafu. Ya pili kila kinachokaa JUU yake. Ya kwanza ndo haina kusubiri, na hiyo kaa nayo hata usiku mbili bila kulala, ya pili mwambie fundi asikuulize tena.

Ndani ni nini. Soketi na swichi ziko wapi, na hapo usijibu ukiwa umekaa nyumbani, nenda ndani ya chumba na mkanda wa karatasi ule wa wapaka rangi, bandika sakafuni kitanda kitakaa hapa, sofa hapa, meza hapa, kwa vipimo halisi. Utagundua soketi uliyoitaka iko nyuma ya kabati. Tembea humo ndani, kati ya sofa na meza unapita? fungua mlango wa kuwaziwa, unagonga kitanda? Kwenye korido ndefu na chumba cha kulala weka swichi mbili za taa moja, mlangoni na kitandani, waya wake unapita sasa hivi au haupiti milele. Jikoni lazima ujue sinki na jiko vinakaa wapi kwa sababu mabomba na waya mzito vinafuata hapo. Bafuni mteremko wa maji na dawa ya kuzuia maji vinakuja kabla ya taili. Kama kuta nyingine ni za bodi ya jipsamu na unawaza siku moja kutundika tv au kabati zito, aweke mbao nyuma ya bodi sasa, la sivyo utakuja kutundika kwenye hewa.

Na pale ambapo hujaamua kabisa, mfano hujui kama utataka taa za ukutani, apitishe paipu tupu na kamba ndani yake ya kuvutia waya baadaye, aizibe kwa kifuniko. Hapo umenunua muda. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kuchimba ukuta uliokwisha.

Kabla hajapiga lipu piga picha kuta zote, futi ikiwa imefunguliwa kwenye picha ili ujue waya uko umbali gani toka kona. Utanishukuru siku ya kutoboa ukuta kutundika picha ya harusi.

Juu sasa: rangi, mapazia, vitasa, taa zenyewe (sio waya), zulia, fanicha. Hivi hata mwaka kaa navyo. Na kuhusu nyeupe yako, mimi nasema uko sahihi kuliko unavyojua. Lipu mpya ya saruji inatakiwa ikauke, tunaiachia kama wiki nne na zaidi kama hali ya hewa ni ya unyevu. Wateja wengi wanalazimisha rangi ya mwisho juu ya ukuta mbichi, na wakipiga rangi ya mafuta ndo kabisa, maji hayana pa kutokea, ukuta unatoa malengelenge, unamenyeka, fundi anatukanwa. Kwa hiyo ukuta ukishakauka piga praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) na rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, hiyo baadaye inapokea rangi yoyote juu yake bila shida. Isiyong'aa kwa sababu nyingine pia, inaficha mabonde, rangi ya kung'aa inaonesha kila kosa la mwiko.

Vumbi_Tupu

Fundi Mstaafu ubarikiwe sana, hii ya karatasi mbili nimemsomea mume wangu akasema "si ndo nilivyokuwa nasema" 🙄

Swali, taili ziko karatasi gani? Maana kichwani mwangu ni pambo, kwa hiyo juu? Na ndo zinanitesa kuliko rangi.

Balbu Uchi

Ngoja mi nije na upande mwingine maana naona mnamshangilia tu. Sisi tulisema hivyohivyo, tuhamie tu tutaamua taratibu. Balbu ya kuning'inia kwenye waya sebuleni "kwa muda". Huu ni mwaka wa tatu. Na sio uvivu, ni jicho, baada ya miezi miwili jicho halioni tena, ile balbu imekuwa mwanafamilia, naiona siku mgeni akija tu na mgeni anainamisha kichwa kuikwepa.

Na kupaka rangi chumba chenye kitanda na makabati na nguo na watoto sio sawa na kupaka chumba kitupu hata kidogo. Tulisogeza kila kitu katikati tukafunika na nailoni, tukalala sebuleni siku nne, tukagombana siku tatu kati ya hizo. Kwa hiyo dada kusubiri ni vizuri ila kuna bei yake, usije kusema hukuambiwa. Ningerudia ningemaliza vyumba vya kulala kabisa kabla ya kuhamia hata kwa rangi isiyo ya ndoto zangu, alafu sebule ndo ningeiacha inisubiri. Na ningeandika tarehe kwenye kalenda. Bila tarehe hiyo sio kusubiri, umesahau.

Fundi_Mstaafu

Balbu umesema kweli tupu. Niongezee hapo, kazi zote za vumbi ziishe kabla mtu hajahamisha hata kijiko. Dari ipakwe ikamilike, kuta zipigwe msasa, praima, ile nyeupe. Kinachobaki kiwe rola na brashi peke yake. Msasa kwenye nyumba yenye watu ni balaa, lile vumbi unalikuta kwenye droo iliyofungwa.

Taili dada ni karatasi ya kwanza. Inaonekana kama pambo lakini kuibandua ni kuvunja, bafuni ukibandua unaondoka na ile dawa ya maji pia. Tena unene wa taili unaamua urefu wa milango na mahali skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, inakaa, ndo maana milango hukatwa mwisho sakafu ikishakamilika. Kwa hiyo kwenye kitu kigumu kubadilisha mimi nawashauri watu wachague kilichotulia, maua na michoro yapeleke kwenye pazia na mito ambavyo ukichoka unavua unafua. Wengine watanipinga, sawa, nyumba ni yao.

Usichague taili moja ikiwa imesimama dukani. Chukua tatu nne nenda nazo, zilaze sakafuni, zimwagie maji uzikanyage na soksi. Ile inayong'aa kama kioo utajua mwenyewe kwa nini nasema. Na ukishaamua nunua zote siku moja, angalia namba ya toleo kwenye maboksi iwe moja, maana toleo na toleo rangi inapishana kidogo na ukutani inaonekana. Ongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukata, kama unazilaza kimshazari fanya 15, zinazobaki tunza. Rangi ya ile saruji ya kujazia katikati, grauti, nayo uamue mapema, nyeupe sakafuni jikoni ni ugomvi wa kila wiki.

Shangazi Pazia

Nakazia kwenye balbu. Kabla ya kulaumu rangi angalia namba kwenye boksi la balbu, 2700 ni njano ya kutuliza, 4000 nyeupe ya kati, 6500 ile ya kibuluu. Ukuta huohuo ukibadilisha balbu umebadilisha rangi. Mi nachagua balbu kwanza alafu rangi, ingekuwa zamani nimejua ile kijani ningeiponya kwa balbu tu nisingehangaika na ndoo. Na vitu viwili vinaweza kufanana kabisa mchana, pazia na ukuta mfano, ukiwasha taa vikaachana, kwa hiyo kitambaa nacho kilale karibu na kadibodi usiku.

mpitanjia

nimetoka kuangalia boksi la balbu yangu ya chumbani, 6500. kumbe sina usingizi kwa sababu naishi kwenye friji

Vumbi_Tupu

Nimerudi baada ya siku kumi na moja, nilisema nitaleta mrejesho.

Tulibandika mkanda sakafuni nyumba nzima, watoto wakadhani ni mchezo wakaanza kuruka ruka. Imegundulika sofa niliyoitamani haipiti hata mlangoni, sio kukaa, kupita. Tumehamisha soketi sita, swichi mbili, na paipu tupu zimewekwa sehemu tatu. Picha za kuta zote ninazo na futi ndani yake, mume wangu ndo ameshika futi kwa hiyo sasa naye amechangia.

Taili nimechagua, za kijivu zilizotulia, grauti ya kijivu pia, nilizikanyaga na soksi mbichi mbele ya mafundi wote sikuona aibu. Vyumba vya kulala nimemsikia Balbu Uchi, vinamalizwa kabisa. Sebule inabaki nyeupe na tarehe nimeandika kwenye kalenda, miezi sita. Kadibodi tatu nimeshapaka zinazunguka na mimi kila kona, ile rangi ya udongo niliyokuwa naililia kumbe saa kumi jioni inakuwa kama ndizi iliyoiva kupita, imetoka yenyewe kwenye mashindano.

Leo asubuhi fundi amenipigia, "dada, vitasa, vya njano au vya fedha?" Nikamwambia vitasa viko karatasi ya pili. Akakaa kimya, alafu nikasikia anamwambia mtu pembeni yake, "bado."