Nyumba ya chuo tumeitengeneza kwa chokaa miaka mitatu, mkandarasi kaipiga saruji wiki mbili!

Assalaam alaykum wakuu. Nina hasira na nitaandika hivyo hivyo, mtanisamehe.

Jana asubuhi nimepita uchochoroni kwetu Malindi, hapa Mji Mkongwe, nimeikuta nyumba ya chuo, chuo chetu cha Kurani, ina ukuta wa kijivu. Kutoka barazani mpaka usawa wa madirisha ya juu, saruji tupu, imesuguliwa mpaka ikateleza. Nikaweka kiganja, bado mbichi. Mifuko mitupu imetupwa juu ya boriti zetu, zile tulizozihangaikia karibu mwaka mzima kwa sababu mikoko siku hizi haikatwi ovyo. Nimesimama pale nikashindwa hata kusema.

Kwa wasioijua: ni nyumba ya mawe, ghorofa mbili, nusu ya mtaa tumesomea juzuu yetu ya kwanza pale chini, sisi juu ya jamvi, maalim kakaa penye mlango. Juu walikuwa wakiishi wapangaji, wakahama dari lilipoanza kuwamwagikia. Baada ya hapo popo na paka. Warithi ni wengi na wametawanyika, kila mmoja ana lake, lakini walituandikia karatasi kwamba mtaa uiangalie nyumba isianguke. Karatasi ipo.

Kilichotuamsha ni Beit al Ajaib. Tarehe 25 Disemba 2020, jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lenye nguzo za chuma, ambalo sote tulidhani litatuzika sisi, mnara wa saa ukaja chini pamoja na sehemu kubwa ya mbele, na watu wawili wakafa. Kama lile limeanguka, hii yetu yenye ufa wa kuingiza mkono itasalimika vipi? Na pembeni yake watoto wanapita kila siku kwenda skuli.

Basi tukaanza wenyewe. Hakukuwa na mradi wala bango. Kila Ijumaa baada ya sala kilikuwa kinapita kikapu, anayeweza elfu moja anatoa elfu moja. Wabeba mizigo wa bandarini walikuwa wakija wakishatoka kazini, wanateremsha kifusi kwa karai mpaka magharibi. Kina mama walipika. Ndugu zetu walioko Maskati walituma za mabati, kwa sababu nyumba hizi adui wake wa kwanza ni paa linalovuja, na fundi alisema hatugusi ukuta mpaka juu pazibwe.

Huyo fundi ndiyo khasa sababu ya uzi huu. Mzee wetu, kazi kairithi kwa baba yake, na miaka ya tisini alifanya kazi kwenye matengenezo ya Dispensari ya Zamani, ile iliyotengenezwa na taasisi ya Aga Khan. Watu wanaojua chokaa namna ile wamebaki wa kuhesabu. Chokaa yetu aliizamisha shimoni nyuma ya nyumba, ikakaa miezi minne chini ya magunia mabichi. Sisi vijana tulikuwa na haraka, tunamuuliza kila wiki. Anafunua gunia, anachota kwa mwiko, anaupindua mwiko chini juu. Ikidondoka, anasema bado. Siku iliyonata kama siagi na mwiko umepinduliwa, akasema sasa leteni mchanga.

Alitufundisha kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba: chumba kinafuata urefu wa boriti ya mkoko, hakiwezi kuzidi hapo. Alitufundisha kwamba kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo, zinakunywa maji kutoka ardhini na chumvi ya bahari, na lazima zipate pa kuyatolea. Chokaa inayaachia. Ukiziba kwa saruji, maji hayaondoki, yanapanda ndani ya ukuta mpaka yakutane na kichwa cha boriti.

Na hili sikusimuliwa, nimeliona kwa macho yangu katika nyumba hiyo hiyo. Chumba cha nyuma kuna mpangaji wa zamani alikipiga lipu ya saruji. Nje ukiuona ule ukuta utasema ndio mzima kuliko zote. Fundi akaugonga kwa mpini wa nyundo, ukalia mtupu kama debe. Tulipoibandua ile lipu, ikashuka chumvi kama unga wa muhogo, na kichwa cha boriti kilichoingia ukutani nikakivuta kwa vidole viwili kikatoka chote, cheusi, kinabomoka kama ugoro. Boriti ya chumba cha pili, kilichobaki na chokaa yake ya asili, ukiipiga nyundo inakurudishia mkono. Nyumba moja, miti ya umri mmoja, ukuta umepakana!

Miaka mitatu. Paa likazibwa, ufa ukashonwa kwa mawe, dari la chumba cha mbele likarudi na boriti mpya, sakafu tukaipigilia kwa zamu siku nne huku kina mama wakituimbia. Nyumba ikaacha kumwaga. Zimebaki kuta za nje na ngazi.

Mwaka jana ndio akaja mfadhili na mkandarasi wake. Siwataji, waliopo mtaani wanawajua. Tulifurahi, sitaki kusema uongo. Tulikaa nao barazani, wakatuambia kwa midomo yao kwamba fundi ataendelea kuongoza kazi, chokaa itatumika ile ile, vijana waliojifunza watapata kibarua. Tukawapa funguo. Wiki iliyofuata uani nyuma kukazungushwa mabati, na mlango ukatiwa kufuli. Fundi alipokwenda na begi lake, msimamizi, kijana wa kumzaa, akamwambia: "Babu, wewe pumzika sasa, umeshafanya kazi kubwa." Mzee hakujibu kitu. Aliingiza mwiko kwenye begi akarudi kwake, na tangu siku hiyo hapiti tena uchochoro ule, anazungukia kwa njia ya msikitini.

Nilimfuata msimamizi nikamuuliza kwa adabu kabisa, kwa nini saruji? Akanambia saruji ni imara, chokaa ni mambo ya kizamani, inachelewesha, na picha zinatakiwa mwisho wa mwezi. Picha! Nyumba ya watu inauliwa ili picha ziwahi! Mlango pia wameupiga vanishi nyeusi juu ya vumbi. Kina mama wa mtaa waliusafisha nakshi zile kwa mswaki na mafuta ya nazi, ua moja moja, leo maua yamezama hayaonekani.

Najua watakuja watu hapa kusema tushukuru, kuna mitaa haina mfadhili. Mimi nasema hivi: pesa hatukuikataa na hatuikatai. Lakini pesa iliyokuja kuzuia kazi sahihi na kulipia kazi mbovu, hiyo imetutia hasara kuliko kama isingekuja. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na haukuingizwa kwa hoteli. Umeingizwa kwa sababu ya nyumba kama hizi, zilizosimama kwa chokaa na mikoko na kwa mikono ya watu kama mzee wetu. Mkandarasi anayekuja kufanya kazi humu bila kujua hilo kafuata nini?

Tunachotaka hakina siri. Kazi isimame leo. Saruji ibanduliwe sasa hivi ingali changa, kwa sababu ikishakomaa utakapoibandua itaondoka na uso wa jiwe, na masika yakiikuta pale mwezi wa tatu maji yatakuwa yameshafungiwa ndani. Fundi aombwe radhi, na aombwe mbele ya watu, barazani, pale pale alipoahidiwa. Arudishwe aongoze kazi na alipwe kama fundi, maana miaka mitatu ile hakuchukua hata senti. Na funguo moja ikae mtaani. Chokaa yetu bado imo shimoni ndani ya yale mabati, na magunia yake lazima yarowanishwe, ikikauka imekufa. Jana niliomba kuingia na ndoo moja tu ya maji, wakanikatalia.

Jumamosi baada ya alasiri tunakutana barazani, warithi wawili wamesema watakuja, na karatasi tutakuwa nayo. Nataka twende na barua iliyoandikwa vizuri. Kama yupo humu mwanasheria, au mtu aliyewahi kusimamisha kazi ya namna hii kwenye nyumba ya zamani, iwe Unguja, Lamu, Bagamoyo au popote, naomba aniambie tuanzie kwa nani na tuandike nini. Na mwenye picha za ule mlango kabla haujapakwa aziweke hapa chini, za zamani zaidi ndio nzuri zaidi.