Mama katoka Wete kuiona nyumba ya tamthilia: kaoneshwa mlango wa uongo, na kwenye mlango wa kweli kafukuzwa

Asalaam alaykum wanajukwaa.

Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuzificha. Jumamosi iliyopita mama yangu, mtu wa miaka 68 na magoti yanamsumbua, kasimamishwa juani mbele ya nyumba moja ya Mji Mkongwe na kuambiwa asogee asizibe njia. Nyumba yenyewe anaijua pembe kwa pembe. Kaiangalia kwenye televisheni usiku baada ya usiku mpaka anaweza kukwambia kisima kiko upande gani wa ua.

Tamthilia siitaji jina. Nikiitaja nimeitaja na nyumba, na mimi sitafuti kesi. Ilipigwa hapa hapa Unguja, kabla Beit al-Ajaib, lile jumba la mnara wa saa, haijaporomoka, na ilipokuwa ikioneshwa kule kwetu Wete, Pemba, baada ya sala ya isha, ukipita nje hukutani na mtu. Umeme ukikatika mama anavaa buibui lake anakwenda nyumba ya tatu kwa jirani mwenye jenereta. Akikosa sehemu moja, asubuhi ananipigia simu nimsimulie yote, hata nani kavaa kanga gani. Tangu mwaka jana neno lake lilikuwa moja: "Mwanangu, nikija Unguja unipeleke nikaione nyumba ya Bi Mkubwa." Nikamwahidi. Akapanda boti Mkoani, akateremka Malindi na kikapu cha halua.

Sasa, msije mkaniambia niliokota papasi, hawa waongozaji wa kuokoteza, bandarini. Nilikwenda kwenye kampuni yenye ofisi na bango, inayotoa risiti. Wanatangaza kabisa "ziara ya tamthilia": nyumba ya Bi Mkubwa, roshani ya binti, na pale wapenzi walipoagana chini ya mnara wa saa. Shilingi 50,000 kwa kichwa. Nikalipa 100,000, za mama na zangu.

Tukaanzia Forodhani saa 3 asubuhi. Mnara kwanza. Kwenye tangazo lao mnara wa Beit al-Ajaib umesimama na saa yake. Jamani, mnara ule ulianguka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha! Jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, Unguja nzima ililia siku ile. Tulichooneshwa sisi ni uzio wa mabati. Simlaumu mtu kwa mnara kuanguka. Nalaumu kuuziwa picha ya kitu ambacho muuzaji anajua hakipo. Mama hakusema kitu, akaomba dua kwa wale marehemu, tukaendelea.

Tukapita nyuma ya Ngome Kongwe, tukakata vichochoro viwili vitatu upande wa Hurumzi, kijana wa kampuni aliyetuongoza akasimama mbele ya mlango mkubwa. "Hii hapa nyumba ya Bi Mkubwa. Mnaweza kupiga picha."

Mama akautazama ule mlango kimya. Mnapaswa kujua kwamba babu yangu mzaa mama alikuwa fundi mchongaji. Mama kakulia kwenye vumbi la msaji na mfenesi, kashika patasi kabla hajashika kalamu. Akanivuta mkono: "Mwanangu, huu sio." Mlango wa tamthilia, anasema, juu una tao, ni mlango wa Kihindi, una njumu, vile vichwa vya shaba, safu kwa safu, na mfaa wake, ule mti wa katikati, umechongwa maua kutoka juu mpaka chini. Huu uliokuwa mbele yetu kizingiti chake kimenyooka, una maandishi ya Kiarabu juu na mnyororo umechongwa pembeni, na njumu hauna hata moja. Mlango wa Kiarabu kabisa. Mtoto wa fundi hawezi kuchanganya viwili hivyo, kama mvuvi asivyochanganya changu na tasi.

Nikamwambia yule kijana. Unajua alijibu nini? "Mama, mlango wameubadilisha." Wameubadilisha! Mji uliomo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, mlango umekaa hapo toka enzi za masultani, unabadilishwa kama pazia? Na anamwambia hivyo binti wa mchongaji, usoni, bila haya.

Roshani nayo ikawa vilevile. Katuonesha roshani ya vioo yenye mashine ya kiyoyozi. Ziara ikaishia kwenye duka la viungo na vinyago ambalo hatukuomba kwenda, akatuacha hapo akisema muda umekwisha. Nilipowapigia simu ofisini nikajibiwa kwamba ziara imekamilika na pesa hairudi.

Tukakaa Jaws Kona mama apumzishe magoti. Kahawa, kashata. Mzee mmoja alitusikia tukizungumza, akauliza kisa, akacheka kwa huruma, akatuelekeza: kata kulia, pita msikiti, mlango wa tatu. Hakutaka hata senti. Mwendo wa dakika 5 kutoka pale tulipodanganywa!

Mama aliujua mlango kabla sijasema. Tao, njumu, mfaa wa maua. Akaweka kiganja chake juu ya shaba, machozi yakamtoka. Akaniambia hapa ndipo binti alipogonga usiku wa mvua na Bi Mkubwa akakataa kumfungulia. Nilifurahi, wallahi, nikasema tabu yote imekwisha.

Kumbe nyumba siku hizi ni hoteli. Mlinzi akatoka. Mna chumba hapa? Hatuna. Mmeagiza chakula? Hapana, lakini tunaweza kununua chai tukakaa ndani kidogo, mama aone ua. Hakuna, wageni wa hoteli tu. Nikamuomba kwa adabu, nikamwambia mama katoka Pemba kwa ajili ya nyumba hii. Akasema tusogee tusizibe njia.

Hatujasogea hatua kumi wakaja watalii watano na kamera zao na mwongozaji wao. Hawana mabegi, hawana chumba. Mwongozaji kasema maneno mawili tu, mlango ukafunguliwa wote, karibuni karibuni. Pale ulipofunguka niliiona kwa macho yangu picha ya Bi Mkubwa mwenyewe kwenye fremu, imetundikwa ukumbini. Mama akanyoosha shingo, akaziona boriti za dari na ukingo wa kisima. Kama sekunde tatu. Mlango ukafungwa.

Mama akasema: "Twende, mwanangu, tusiwasumbue watu." Kama kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Hapo ndipo nilipochomeka hasa.

Najua kuna atakayesema nyumba ni mali ya mtu. Nakubali. Kule Albuquerque, Marekani, wenye nyumba iliyotumika kwenye tamthilia ya Breaking Bad walichoshwa na watu wanaorusha piza juu ya paa lao kama kwenye tamthilia, mpaka mwaka 2017 wakaamua kujenga uzio. Walikuwa na haki, wale walikuwa wakiishi mle ndani. Hii ya kwetu haikai familia. Ni biashara inayotumia sura ya Bi Mkubwa kuuza vyumba. Huwezi kumtundika ukumbini awavutie wenye dola, halafu umfukuze mlangoni aliyempenda bila kulipwa.

Na msisahau nani waliifanya tamthilia iwezekane. Wakati inapigwa, mtaa ule walifunga maduka, walizima redio, walinyamazisha watoto na majogoo. Binamu yangu kasimama siku mbili na kanzu yake akipita mbele ya kamera, anapita anarudi, kwa sahani ya pilau. Jirani mmoja kaazimisha mkeka na sinia la shaba. Leo hao hao hawaruhusiwi kuingia uani.

Mpwa wangu ni baharia, meli yao imewahi kutia nanga Dubrovnik kule Croatia, palipopigwa tamthilia ya Game of Thrones. Mji wa mawe, wa urithi wa dunia kama wetu. Ananiambia zile ngazi za Wajesuiti ambazo malkia alitembezwa kwa aibu ziko barabarani tu, anapanda anayetaka, haulizwi mtu kalala hoteli gani.

Mimi nataka pesa ya mama irudi, yote 100,000. Nataka tangazo lile lenye mnara liondolewe. Na hoteli ile itenge hata saa moja kwa wiki wenyeji waingie wauone ua, kwa kiingilio kama wanataka, tutalipa. Kisima hakitakauka kwa kutazamwa.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Aliyeuliza kama tulikuwa tumevaa vizuri, mama alivaa buibui lake jipya la sikukuu, na nisingependa kulijibu tena swali hilo. Na wewe unayesema tamthilia ni mambo ya kubuni, kuna nini cha kulilia: baba alifariki mwaka ule inaoneshwa. Sehemu ya mwisho waliiangalia pamoja, wamekaa mkeka mmoja.

Jumanne asubuhi mama anarudi Pemba kwa boti. Kama kuna mtu aliyefanya kazi mle ndani, au alikuwepo siku za kupiga picha, na ana picha ya ule ua, kisima kionekane, naomba anitumie kwa ujumbe wa faragha kabla ya hapo.