Programu inasema kazi imefika 78%, QS (mkadiriaji majenzi) anasema 61%. Nimshawishije QS?

Mgeni_Saiti:
Wakuu, salaam. Nasimamia jengo la ghorofa 6 kwa upande wa mhandisi mshauri. Kila mwisho wa mwezi kijana anavaa kofia yenye kamera ya 360, anazunguka saiti nzima, picha zinaingia kwenye programu ya akili mnemba. Programu inazilinganisha na modeli ya BIM (jengo zima la kidijitali la 3D) na ratiba, kisha inatoa asilimia ya kazi. Safari hii imetoa 78%. QS wetu kapima kwa mkono, kapata 61%. Hati ya madai ya mkandarasi nimeipokea siku 9 zilizopita na inakaribiana na ile ya programu.

Naomba hoja za kumshawishi QS aamini teknolojia, maana ni mbishi. Halafu miwani ya uhalisia pepe tunayoangalizia modeli hiyo inatetemesha picha, dakika tano tu kichwa kinauma. Nawasilisha.

Pembetatu:
Nijibu la miwani, ndilo lenye jibu moja. Bila shaka modeli yako imekaa kwenye koordineti za mpima ardhi, UTM (namba za ramani kwa mita), kusini mwa ikweta?

Mgeni_Saiti:
Ndiyo mkuu. Kaskazini inasoma milioni 9 na laki mbili na kitu.

Pembetatu:
Ndiyo ugonjwa wenyewe. Injini nyingi zinazochora picha za miwani huhifadhi mahali pa kitu kwa namba za biti 32. Namba hizo zina tarakimu saba hivi za uhakika, basi. Ukivuka 8,388,608, hatua ndogo kabisa ambayo namba inaweza kupiga ni mita 1. Upande wa mashariki, kwenye laki tano, hatua ni sentimita 3. Kwa hiyo kona ya ukuta haijui ikae wapi. Kichwa kikisogea milimita mbili yenyewe inaruka.

Chagua makutano ya mistari ya gridi, tuseme A-1, yafanye sifuri. Andika tofauti ya mashariki, kaskazini na kimo, uwape watu wa miundo, umeme na mabomba watumie namba hizohizo. Ukitoa faili la IFC4 (la kubadilishana modeli kati ya programu), tofauti hiyo ihifadhiwe kwenye IfcMapConversion, isije ikapotea. Jengo likiwa ndani ya mita 200 kutoka sifuri, hatua inashuka hadi milimita 0.015.

Hilo likiisha na kichwa bado kinauma, angalia kasi ya fremu. Miwani ya 90 Hz inakupa milisekunde 11.1 kuchora fremu moja. Futa boliti, nati na samani kwenye nakala ya kuangalia. Na rekebisha umbali wa lenzi ulingane na macho ya anayevaa. Hatua hiyo wengi wanairuka.

Bi_Vipimo:
Sasa turudi kwenye fedha. Kaka, hiyo 78 ni 78 ya nini? Ya idadi ya vipande au ya thamani ya BOQ (orodha ya kazi na bei zake)?

Mgeni_Saiti:
Ya maendeleo ya mradi.

Bi_Vipimo:
Hujajibu. Fungua ripoti, utupe mchanganuo: vipande vingapi kila kundi, vingapi vimekamilika, na uzito wa kila kundi kwenye BOQ.

Msumari_wa_Nchi_Sita:
Zamani tulikuwa na futi na macho. Siku hizi mtu anataka kofia imsainie cheti. Hivi kofia nayo imesajiliwa kwenye bodi ya wahandisi?

Mgeni_Saiti:
Mchanganuo huu hapa:

Miundo: vipande 300, vimekamilika 240. BOQ 50%.
Kuta: 900, vimekamilika 810. BOQ 15%.
Mabomba, umeme na hewa: 700, vimekamilika 490. BOQ 25%.
Umaliziaji: 100, vimekamilika 20. BOQ 10%.

Jumla 1,560 kati ya 2,000. Ni 78% halali kabisa, hesabu hainidanganyi.

Bi_Vipimo:
Hesabu haikudanganyi, ila imejibu swali lingine. Kwenye idadi hiyo kipande cha ukuta wa tofali kina kura moja na boriti la mita nane lina kura moja. Weka uzito wa BOQ uone: miundo 80% ya 50 ni 40. Kuta 90% ya 15 ni 13.5. Mabomba na wenzake 70% ya 25 ni 17.5. Umaliziaji 20% ya 10 ni 2. Jumla 73.

Alama 5 zimeshaanguka kabla hatujatoka mezani. Lakini QS wako ana 61. Zimebaki alama 12, na hizo siyo za uzito. Zimetoka wapi?

Mgeni_Saiti:
Labda QS kapima kwa kubana. Anajulikana.

Nondo_T16:
Au programu imeona mbao ikaita zege. Kwenye picha, boksi la nguzo lililofungwa vizuri lina umbo na vipimo karibu sawa na nguzo yenyewe. Kama taa ni hafifu au kamera imepita mbali, mashine inaweza kuhesabu nguzo imekwisha. Ndani nondo hazijakaguliwa, kava ya zege (unene unaofunika nondo) haijulikani. Na hata kama zege limemwagwa kweli, picha haijui majibu ya vipande vya zege vya kupima nguvu vya siku 7 wala 28.

Kuna mradi mmoja wa hospitali ambao...

Msumari_wa_Nchi_Sita:
Hospitali ifungulie uzi wake mkuu, hapa bado tunamtafuta mwizi wa alama 12.

Kamba_ya_Timazi:
Swali langu dogo. FIDIC ya 1999 (mkataba wa kimataifa wa ujenzi), kifungu 14.6, inampa mhandisi siku 28 za kutoa cheti cha malipo tangu kupokea hati ya madai na vielelezo vyake. Umepokea siku 9 zilizopita, zimebaki 19. Mbona unahema kama zimebaki saa mbili?

Mgeni_Saiti:
Mkataba wetu ni huohuo wa FIDIC. Basi niseme. Mshitiri (mwenye jengo) nimeshamvisha miwani. Programu inapaka kijani kila kilichokamilika, akatembea ndani ya jengo la kijani, akafurahi sana. Nikamwambia tuko 78. Sasa nikirudi na 61 nitaonekanaje? Na sioni kosa: ukimwonyesha mshitiri kazi yake kwa macho anaelewa haraka kuliko makaratasi.

Na mumo humo akasema ukuta wa choo cha ghorofa ya 2 usogezwe sentimita 40. Nikamkubalia, mkandarasi alikuwepo akasikia.

Kamba_ya_Timazi:
Hapo una jambo la pili, na huenda ni kubwa kuliko la kwanza. Kifungu 3.3: mkandarasi akithibitisha agizo la mdomo kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi, nawe ukakaa kimya siku 2 za kazi baada ya kuipokea, barua yake inakuwa agizo lako la maandishi. Fungua barua pepe leo. Kama ipo, jibu. Kama haipo, andika wewe kwamba yale yalikuwa mazungumzo na mchoro unabaki wa toleo lilelile. Ukuta wa choo hausogei peke yake, unakokota bomba la maji machafu na mteremko wake.

Jicho_la_Bundi:
Wakuu, nasoma kimya tangu mwanzo. Hii ni chai, imetungwa. Mtoa mada, slabu ya ghorofa ya 4 imemwagwa lini?

Mgeni_Saiti:
Siku 3 kabla ya mzunguko wa picha. Mbona?

Jicho_la_Bundi:
Na mabomba ya dari ya ghorofa ya 3 yako asilimia ngapi kwenye ripoti yako?

Mgeni_Saiti:
Yote kijani.

Jicho_la_Bundi:
Nimemaliza. Slabu ya ghorofa ya 4 ndiyo dari ya ghorofa ya 3. Ina siku tatu, mbao bado ziko chini yake na mirunda imejaa sakafu nzima. Mabomba hayo yananing'inia kwenye nini? Hakuna saiti, hakuna kofia. Ni mtu wa mauzo anatupima tutasema nini, au mwanafunzi ana kazi ya darasani.

Msumari_wa_Nchi_Sita:
Chai ya rangi! Nilijua tangu aliposema QS ni mbishi. QS asiye mbishi umemwona wapi?

Bi_Vipimo:
Msimfukuze. Namba za mchanganuo zinafungana. Kaka, nijibu moja: programu hizi huwa na hali ya tatu kati ya "imekamilika" na "bado". Kwako inaitwaje, na vipande vilikuwa vingapi?

Mgeni_Saiti:
Inaitwa "haina uhakika". Vilikuwa 182. Nguzo na boriti 42, mabomba na dakti 140.

Bi_Vipimo:
Ukavifanyaje?

Mgeni_Saiti:
Ripoti haitoki mpaka viamuliwe kimoja kimoja. Kila kimoja kinafungua picha yake, unakuza, unathibitisha. Ilikuwa saa nne usiku. Kuna kitufe cha "kubali zote".

Lakini programu ndiyo iliyokiweka kitufe hicho, siyo mimi.

Nondo_T16:
Looh.

Bi_Vipimo:
Toa 42 kwenye 240: miundo 198, sawa na 66%, alama 33. Toa 140 kwenye 490: imebaki 350, sawa na 50%, alama 12.5. Ongeza 13.5 na 2. Jumla 61 kamili. QS wako mbishi na mashine yako walikuwa wanakubaliana, wewe ndiye uliyeingia katikati. Hata kwa idadi tu ingetoa 68.9.

Jicho_la_Bundi:
Narudisha neno langu la chai. Saiti ipo.

Bi_Vipimo:
Fanya hivi. Rudisha vipande 182 kwenye "haina uhakika". Zile 42 zilinganishe na fomu za ruhusa ya kumwaga zege. Isiyo na fomu iliyosainiwa haijamwagwa. Yale 140 nenda na tochi.

Ila usikate nguzo yenye mbao hadi sifuri. Kama BOQ yako inatenganisha, nguzo ya 300 × 600 yenye urefu wa mita 3.2 ina zege mita za ujazo 0.576, mbao mita za mraba 5.76, na nondo 8 za milimita 20 zenye mita 4.2 kila moja pamoja na mlalio (sehemu inayopishana na nondo ya juu), ni kilo 83 bila ringi zinazozifunga. Zikiwa zimefungwa na kukaguliwa, mkandarasi ana haki ya nondo na mbao, zege bado. Muulize QS kama amezihesabu. Kama hajazihesabu, 61 yake itapanda kidogo, na hapo utakuwa na hoja halali ya kumpelekea.

Kamba_ya_Timazi:
Na mwezi ujao kijana apite njia ileile, aanzie kwenye makutano ya gridi yanayojulikana, na apige picha kabla dari halijafungwa. Kitufe cha "kubali zote" mwombe msimamizi wa mfumo akizime.

Mgeni_Saiti:
Na mshitiri nimwambieje?

Msumari_wa_Nchi_Sita:
Mvishe tena miwani, safari hii bila rangi.

Pembetatu:
Mtoa mada, A-1 uliifanya sifuri?

Mgeni_Saiti:
Nimeifanya jana jioni mkuu, mtetemo umeisha kabisa. Nimeweka picha za 360 juu ya modeli nikaingia ghorofa ya 3. Picha imetulia, naona vizuri sasa: mirunda imesimama mstari kwa mstari, imepenya katikati ya mabomba ya kijani.