Zagreb ilimwondoa Tito kwenye uwanja wake: ilitenda haki?

Mleta mada

Ndugu zangu, kila ikitajwa Kroatia humu tunaanza na Luka Modrić, kisha tunarudi kwa Davor Šuker na mabao yake sita ya Kombe la Dunia la 1998, tukifika hapo basi. Leo naomba tumzungumzie Mkroati ambaye wazee wetu walimjua kabla sisi hatujamjua mchezaji hata mmoja wa kule. Josip Broz Tito, aliyeitawala Yugoslavia, ile nchi ya zamani ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake.

Kwa wasiofuatilia: tarehe 1 Septemba 2017 baraza la jiji la Zagreb lilipiga kura, na uwanja uliokuwa ukiitwa Uwanja wa Marshali Tito ukawa Uwanja wa Jamhuri ya Kroatia. Huo si uwanja wa mpira, ni uwanja wa wazi katikati ya jiji, wala si wa uchochoroni. Ndipo lilipo Jumba la Taifa la Maigizo, lililofunguliwa 1895, na mbele ya jumba hilo kuna kisima cha shaba alichokichonga Ivan Meštrović akiwa bado kijana. Meya wa wakati huo, Milan Bandić, alikuwa anahitaji kura za kundi la Zlatko Hasanbegović ili awe na wingi barazani, na kundi hilo lilikuwa limeshaweka wazi kwamba bei ya kura zake ni jina la uwanja.

Mimi nasema walikosea, tena walikosea katika jambo kubwa.

Tito alizaliwa 1892 katika kijiji cha Kumrovec, baba Mkroati, mama Mslovenia. Alijifunza ufundi wa vitasa na vyuma mjini Sisak. Mwaka 1941 Wanazi na Waitalia walipoivamia Yugoslavia, Zagreb ikakabidhiwa kwa Ante Pavelić na watu wake, wafashisti wa Kikroati walioitwa Ustaša, waliotangaza kile walichokiita dola huru ya Kroatia. Dola hiyo ndiyo iliyojenga kambi ya Jasenovac. Orodha ya majina inayotunzwa na makumbusho ya kambi hiyo imepita watu 83,000: Waserbia, Wayahudi, Waroma, na Wakroati waliokataa kuinamisha kichwa. Waliochukua silaha dhidi ya dola hiyo na mabwana zake ni wapiganaji wa msituni chini ya Tito, na kikosi cha kwanza cha Kroatia kilikusanyika msituni karibu na Sisak, Juni 22 ya mwaka huohuo.

Sasa fungueni utangulizi wa katiba ya Kroatia ya leo, ile iliyoandikwa 1990 chini ya Franjo Tuđman. Umeandikwa kwamba msingi wa mamlaka ya taifa wakati wa vita uliwekwa na maamuzi ya baraza la wapiganaji hao, ZAVNOH, 1943, *kinyume* na dola iliyotangazwa 1941. Katiba imekwisha chagua upande. Jiji limepata wapi idhini ya kuukana?

Karibuni, tujadiliane kwa heshima.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri, lakini saa yako imesimama 1943. Tito alitawala hadi 1980. Hiyo miaka mingine umeiacha wapi?

Mei 1945, vita vikiwa vimekwisha au vinakatika, askari wa ile dola iliyoanguka pamoja na raia waliokuwa wakikimbia nao walijisalimisha karibu na Bleiburg, Austria. Walirudishwa kwa miguu, na maelfu kwa maelfu waliuawa njiani bila kesi wala hakimu. Walikuwamo wauaji, sikatai. Walikuwamo pia vijana walioandikishwa kwa nguvu. Mwaka 1946 Askofu Mkuu Alojzije Stepinac akahukumiwa kifungo cha miaka 16. Mwaka 1949 likafunguliwa gereza kwenye kisiwa cha mawe matupu, Goli Otok, wakapelekwa zaidi ya watu elfu kumi walioshukiwa kumuunga mkono Stalin. Wengi wao walikuwa wakomunisti, baadhi walipigana msituni bega kwa bega na Tito mwenyewe.

Halafu 1971. Savka Dabčević-Kučar, mwanamke aliyejiunga na wapiganaji akiwa msichana, akaja kuongoza serikali ya Kroatia, alitaka nini? Kwamba fedha za kigeni zinazopatikana pwani ya Kroatia zisimalizikie Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, na kwamba Wakroati wawe na sauti zaidi ndani ya Yugoslavia ileile. Desemba mwaka huo Tito alimwita yeye na kiongozi mwenzake Miko Tripalo huko Karađorđevo, wakaondolewa. Mshairi Vlado Gotovac akafungwa. Tuđman huyo unayemtaja, ambaye naye alikuwa mpiganaji na baadaye jenerali wa jeshi, akafungwa pia. Vice Vukov, aliyeiwakilisha Yugoslavia mara mbili katika mashindano ya nyimbo ya Ulaya, Eurovision, 1963 na 1965, alinyamazishwa. Redioni hasikiki, jukwaani hapandi, mpaka 1989. Mwimbaji! Kosa lake ni kwamba umati uliokuwa ukidai haki ulipenda kuimba nyimbo zake.

Ungekuwa wewe ndiye mtoto wa mmoja wa watu hawa, kila siku unapita kwenda kazini kwenye uwanja mzuri kuliko yote mjini, umeandikwa jina la aliyemfunga baba yako, ungeuitaje?

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, swali dogo. Sisi Waafrika tunampenda Tito kwa sababu ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, sawa? Yeye, Nehru, Nasser, Nkrumah, Sukarno, mkutano wa Belgrade wa 1961. Ila hayo si maisha ya Mkroati wa kawaida. Tusiwapangie majina ya mitaa yao kwa sababu rais wao alitufurahisha sisi.

Mleta mada

Nianze na wewe wa pili. Hoja yako ni ya haki na naiheshimu. Tito alifika Tanzania mwanzoni mwa 1970, akapokewa na Mwalimu Nyerere, na katika ziara hiyohiyo akapita Zambia, Ethiopia na Kenya. Hakuja kama mtawala wa zamani wala kama mtoa amri wa Moscow, kwa sababu na Moscow alishagombana nayo tangu 1948. Kwa kizazi cha wazazi wetu lile lilikuwa jambo zito. Hata hivyo sidai kwamba kumbukumbu zetu ziwe sheria Zagreb. Nimejitahidi kusimama kwenye katiba yao wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza, hayo yote uliyoyataja ni kweli, na hakuna hata moja ambalo nitalipunguza uzito. Goli Otok ni aibu. Ya Bleiburg ni mauaji. Lakini nieleze jambo moja: Tuđman aliyefungwa na utawala wa Tito alipata urais 1990, akawa na nguvu kuliko kiongozi yeyote wa Kroatia tangu uhuru, akafa Desemba 1999 akiwa bado rais. Uwanja ulibaki na jina la Tito miaka yote hiyo. Huyu ndiye aliyeonja jela. Alikuwa na kila sababu, na kila uwezo, na hakuuondoa. Nadhani alijua kitu ambacho baraza la 2017 halikutaka kukijua: sehemu za pwani kama Istria, Rijeka na Zadar zilikuwa mikononi mwa Italia kabla ya vita, na zimo ndani ya Kroatia leo kwa sababu upande wa Tito ulishinda. Pavelić yeye mwaka 1941 aliitia sahihi sehemu kubwa ya pwani ya Dalmatia iende kwa Mussolini. Kati ya hao wawili, nani aliyeikata nchi na nani aliyeiunganisha?

Mchangiaji wa tatu

Shikamooni wakubwa. Baba yangu mdogo alisoma uhandisi Zagreb miaka ya sabini, enzi zile wanafunzi wa Afrika walipokuwa wakipelekwa Yugoslavia. Yeye husema kwamba ukitaka kujua Wakroati walimpenda au walimwogopa, usitazame mabango, tazama mpira.

Tarehe 4 Mei 1980, Split. Hajduk inacheza na Red Star ya Belgrade kwenye uwanja wa Poljud. Kabla ya mapumziko watu wanaingia uwanjani, mechi inasimama, inatangazwa kwamba Tito amefariki. Wachezaji wa pande zote mbili wakalia. Zlatko Vujović wa Hajduk akaanguka kwenye nyasi. Jukwaa zima, maelfu ya watu wa Dalmatia, likaanza kuimba wimbo wa kumwapia Tito kwamba hawataiacha njia yake. Hakuna aliyewagawia karatasi za maneno. Na Hajduk si timu hivihivi: wakati wa vita wachezaji wake walikataa kuingia ligi ya Italia, na 1944 klabu ikafufuliwa kisiwani Vis ikiwa timu ya wapiganaji.

Miaka kumi baadaye, tarehe 13 Mei 1990, Zagreb. Red Star hiyohiyo, safari hii dhidi ya Dinamo. Mashabiki wakapigana, Zvonimir Boban akamrukia polisi kwa teke kwa sababu alikuwa anampiga shabiki wa Dinamo, akafungiwa. Miaka minane mbele Boban ndiye nahodha wa Kroatia iliyoshika nafasi ya tatu duniani.

Kwa hiyo nawauliza wote wawili: kati ya Split ya 1980 na Zagreb ya 1990, ni Wakroati gani wa kweli? Mimi naona ni walewale. Machozi yalikuwa ya kweli na hasira ilikuwa ya kweli.

Mchangiaji wa kwanza

Mdogo wangu, marahaba. Umegusa penyewe. Lakini machozi ya 1980 yalitoka kwa watu ambao hawakuwa wameruhusiwa kusoma kuhusu Bleiburg. Mtu humlilia yule aliyeambiwa amlilie. Ukweli ulipofunguliwa, wakaamua upya. Ndivyo watu huru wanavyofanya.

Mchangiaji wa nne

Jamani, mmetaja kisima cha Meštrović mkakipita. Mimi ni mtu wa sanaa, naomba nikae hapo kidogo.

Meštrović ndiye mchongaji mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka Kroatia. Wale Wahindi Wekundu wawili wa shaba juu ya farasi mjini Chicago, waliosimamishwa 1928, ni kazi yake. Mwaka 1941 Ustaša walimtia ndani Zagreb. Aliponusurika akatoka nchini, na vita vilipokwisha serikali ya Tito ikamtaka arudi. Alikataa. Hakuweza kuishi chini ya chama kimoja, tena Stepinac, aliyekuwa rafiki yake, yuko kifungoni. Akabaki Marekani akifundisha, akafa huko 1962. Lakini mwaka 1952 aliwapa watu wa Kroatia nyumba zake na kazi zake nyingi, wakati Tito bado anatawala. Alitenganisha nchi na mtawala, na hakumfuta mtu.

Upande wa pili yuko Antun Augustinčić. Yeye alibaki, akachonga sanamu ya Tito iliyosimama Kumrovec tangu 1948: Tito anatembea, kichwa ameinamisha, koti refu la kijeshi, hana kiti cha enzi wala farasi. Farasi aliyemchonga yuko New York, kwenye makao makuu ya Umoja wa Mataifa: sanamu ya mwanamke wa amani juu ya farasi, ya 1954. Na Addis Ababa, ule mnara wa kuwakumbuka Waethiopia waliochinjwa na Waitalia Februari 1937 ni kazi ya Augustinčić na mwenzake Frano Kršinić. Ile ilikuwa kazi ya mikono ya Wakroati waliojua ufashisti ni nini, kwa watu wengine waliojua ufashisti ni nini. Ukiniambia enzi ya Tito haikuwa na cha kujivunia, nakupeleka pale.

Desemba 2004 mtu aliilipua sanamu ya Kumrovec kwa baruti, kichwa kikang'oka. Ikatengenezwa, ikarudishwa. Nasema hivi ili mjue jina la uwanja si mwanzo wa jambo hili. Na 2015 Rais Kolinda Grabar-Kitarović aliiondoa sanamu ya kichwa cha Tito ofisini kwa rais. Hatua baada ya hatua.

Mchangiaji wa pili

Sasa nimeelewa zaidi. Lakini mbona Opatija barabara kuu bado ni ya Marshali Tito, na Rijeka wana uwanja wake? Nchi moja, majibu mawili?

Mleta mada

Ndiyo, na sababu ni ileile niliyoitaja ya Italia. Pwani ya kaskazini watu wanakumbuka shule zilizopigwa marufuku kufundisha Kikroati chini ya Mussolini, na majina ya ukoo yaliyolazimishwa kuwa ya Kiitalia. Kwao Tito ni aliyewarudishia majina. Zagreb kuna familia zinazokumbuka mlango uliogongwa usiku. Nisingemlazimisha yeyote kati yao amsahau ndugu yake.

Lakini mchangiaji wa kwanza, naomba tutofautiane hapa bila kuumizana. Unasema ukweli ulipofunguliwa watu wakaamua upya. Watu wa Zagreb hawakuulizwa. Haikupigwa kura ya wananchi. Yalikuwa mapatano ya meya anayetafuta wingi na kundi dogo lenye viti vichache. Mshairi Vladimir Nazor alivuka mto Kupa kwa mashua akiwa na miaka 66 kwenda kujiunga na wapiganaji, pamoja na mshairi kijana Ivan Goran Kovačić, ambaye mwaka uliofuata aliuawa na wanamgambo wa Kiserbia, Četnik. Jambo lililogharimu maisha ya watu wa namna hiyo halistahili kuwa chenji ya kupatia wingi barazani.

Kama ningekuwa na kura, ningeliacha jina, halafu hapohapo uwanjani, kwa herufi zenye ukubwa uleule, ningeandika Goli Otok, Bleiburg, na 1971.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa hilo la kuulizwa wananchi, nakubaliana na wewe kabisa, mkuu. Wangeulizwa. Kwa hilo la herufi, bado. Jina la uwanja ni heshima, na maelezo ya chini hayabadilishi heshima kuwa lawama. Mpe Tito makumbusho, mpe vitabu, muache Kumrovec alipozaliwa, sanamu ile ya Augustinčić isiguswe. Uwanja mkuu wa mji mkuu, hapana.

Mchangiaji wa tatu

Nitampigia baba mdogo jioni nimsomee yote haya. Yeye alikuwa akikaa mitaa michache tu kutoka pale. Akisema chochote nitakuja kuandika hapa.