Oksijeni ya mume wangu ilishuka wakati wa endoskopi: tuanzie wapi?

Mleta uzi: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Wiki iliyopita mume wangu, mwenye umri wa miaka 52, alifanyiwa endoskopi, yaani kuingizwa kamera tumboni kupitia mdomoni, kwa sababu ya kiungulia kisichoisha. Tumboni hapakuonekana kidonda, lakini muuguzi aliniita pembeni akaniuliza kama mume wangu hukoroma. Alinieleza kwamba muda mfupi baada ya kuchomwa dawa ya usingizi, kifua kilikuwa kinapanda na kushuka bila hewa kupita, oksijeni ikashuka hadi asilimia 81, ikabidi wamwinue taya ndipo pumzi ikarudi. Kwenye karatasi ya majibu hakuna hata mstari mmoja juu ya jambo hilo. Usiku hukoroma kwa nguvu, kisha hunyamaza ghafla, nami huhesabu kimoyomoyo hadi ishirini kabla hajashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Yeye anasema ilikuwa dawa tu. Nimwamini?

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, dada. Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha endoskopi kwa miaka mingi. Dawa kama midazolamu na propofoli hulegeza misuli ya koo, na hata mtu asiye na tatizo lolote anaweza kuzibwa njia ya hewa, kwa hiyo tukio lile peke yake halithibitishi ugonjwa. Hata hivyo, kifua kinachopambana huku hewa haipiti ni dalili ya koo lililojifunga, na huko kuhesabu kwako kuna uzito kuliko unavyodhani, maana pumzi ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi tayari inahesabiwa kuwa tukio la apnea, yaani kukatika pumzi usingizini. Katika STOP-BANG, dodoso la maswali manane la kukadiria hatari ya apnea, mumeo ana alama nne bila hata kupimwa: anakoroma, ameonekana akikatika pumzi, amevuka miaka 50, na ni mwanamume. Yamebaki uchovu wa mchana, shinikizo la damu, uzito na unene wa shingo. Alama zikifika tano anahesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Rudini mkaombe tukio hilo liandikwe kwenye faili, kwa sababu siku akihitaji upasuaji, daktari atakayempa dawa ya usingizi hatakuwa na njia nyingine ya kulijua.

Mchangiaji wa pili: Mimi niligunduliwa hivyohivyo, wakati wa kolonoskopi, kipimo cha kamera cha utumbo mpana. Nilipuuza kwa mwaka mzima, hadi siku niliposinzia nikiwa kwenye usukani. Kipimo cha usingizi kilionyesha matukio 34 ya pumzi kuzibwa kwa saa, na kuanzia 30 huitwa apnea kali. Natumia mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa. Wiki za kwanza nilikuwa naivua usiku bila kujua, lakini baadaye shinikizo la damu lilianza kutulia. Hadi apimwe, asinywe pombe wala vidonge vya usingizi kabla ya kulala, na kama husinzia mchana, asiendeshe gari.

Mleta uzi: Nawashukuru kwa dhati. Jana usiku nilimrekodi kwa simu, na asubuhi nikamsikilizisha. Ile sehemu ya ukimya aliirudia mara tatu bila kusema neno, kisha akaniomba nimsindikize kuomba rufaa ya kipimo cha usingizi. Tunakwenda Jumatatu.