Tupeane uzoefu: wewe huwatembezaje wageni mjini kwenu kwa kujitolea?

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Wenzangu, naomba tukusanye mahali pamoja uzoefu wa wale wanaojitolea kuwatembeza wageni katika miji yetu, iwe Kisumu, Nakuru, Kakamega au kwingineko upande huu wa magharibi, bila malipo na bila kutumwa na kampuni yoyote. Siwazungumzii jamaa wanaotutembelea nyumbani, bali yule mgeni usiyemjua ambaye rafiki, kanisa au chuo kimekuomba umpe nusu siku yako: muuguzi wa kujitolea kutoka ng'ambo, mwanafunzi mpya, au mfanyabiashara wa Mombasa ambaye hajawahi kulitia Ziwa Victoria machoni.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1992 mkazi wa New York aitwaye Lynn Brooks alianzisha mpango wa wenyeji kuwatembeza wageni mitaani kwao bure, na mtindo huo ukaenea katika miji mingi ya dunia kwa kanuni chache: kundi lisizidi watu sita, mwenyeji asidai wala kutarajia bakshishi, na aonyeshe mahali anapopajua kama mkazi badala ya kukariri kijitabu cha watalii. Kanuni hizo zinanipendeza kwa sababu zinamwondolea mwenyeji mzigo wa kujifanya mtaalamu wa kila kitu. Mgeni akipitishwa Makumbusho, hifadhi ya Impala, ufuko wa wavuvi wa Dunga, miamba ya Kit Mikayi na kijiji cha Kogelo kwa siku moja, jioni hawezi kukuambia alichokiona wapi. Mimi naamini kwa dhati kwamba barabara moja inatosha, mradi mwenyeji awe anaijua.

Yangu ni barabara ya Jaramogi Oginga Odinga. Huanzia kwenye mnara wa saa, ambao wengi wetu tunautumia kukutania bila kuyasoma maandishi yake. Ulijengwa na wana wa Kassim Lakha kwa kumbukumbu ya baba yao, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871, ukafunguliwa mwaka 1938. Hapo ndipo ninapompa mgeni habari ya reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ufukweni hapa Desemba 1901, wakati mahali hapa palipoitwa Port Florence. Bila reli hiyo huwezi kueleza bandari, wala familia za Wahindi zilizofungua maduka haya, wala sababu ya mji kuota hapa na si mahali pengine kando ya ghuba. Kisha humwomba ainue macho, kwa maana chini kila duka limefunikwa na matangazo, ilhali umri wa majengo yale unaonekana juu.

Siku ikiwa Jumapili, humalizia Kibuye, ambapo soko hufurika kuliko siku nyingine yoyote. Huwa sielekei kwenye mitumba kwanza, bali kwa mafundi wa jua kali. Mgeni mmoja, mhandisi kutoka Ujerumani, alisimama muda mrefu mbele ya fundi aliyekuwa akikunja ukingo wa sanduku la bati kwa nyundo ya mti, akipima kwa shubiri ya mkono wake tu, na kifuniko kilipowekwa kikakaa sawasawa pande zote nne. Mhandisi yule aliomba kulifunga na kulifungua mwenyewe, halafu akanunua dogo lake. Hakuna maelezo yangu ambayo yangemfikisha hapo.

Naomba basi kila mmoja atuambie anaonyesha nini, gharama zinabebwa na nani, na anajuaje mahali pa kuishia.

Mwalimu mstaafu, Nakuru

Nashukuru kwa mada hii. Kwetu Nakuru kazi ya kwanza ya mwenyeji ni kusema ukweli kuhusu flamingo. Karibu kila mgeni huja na ile picha ya zamani ya ufuko uliogeuka waridi kwa wingi wa ndege, na mimi humweleza kabla hatujatoka hotelini kwamba kwa zaidi ya miaka kumi maji ya ziwa yamepanda, magadi yakapungua makali, mwani ambao ndege hao huula ukapungua pia, na wengi wao wakahamia Bogoria na kwingineko. Vifaru na twiga wapo, naye akiamua kuingia hifadhini atalipa kiingilio chake na kutafuta gari na dereva anayeijua. Huko mimi siendi naye.

Ninakompeleka ni Hyrax Hill, kilima chenye makumbusho na mabaki ya watu wa kale, karibu kabisa na mji. Watu wa Nakuru wenyewe hupapita wakielekea Nairobi bila kugeuza shingo, jambo linalonisikitisha sana. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipachimba kuanzia mwaka 1937, na makumbusho yenyewe yamo katika nyumba ya zamani ya shamba la mlowezi. Juu ya miamba kuna vishimo vya bao vilivyochongwa na watu wa kale. Huwa natafuta kokoto, nampa mgeni zake, na tunacheza tukiwa tumechuchumaa juani huku pimbi wakitutazama kutoka kwenye nyufa. Mgeni aliyetoka Zanzibar alinishinda punde tu alipoacha kunionea haya kwa sababu ya mvi zangu. Kwa kuwa sasa tumekuwa jiji, tangu Desemba 2021, ningependa kuona vijana wengi wakiijua njia ya kwenda pale.

Mkazi wa Nyalenda, Kisumu

Mimi nimejikita Dunga, kwa sababu nimekulia karibu na nimewahi kuuza samaki. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana hapa pana mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua na mwenyeji asipoyasema anaweza kumletea madhara.

Kwanza, nenda asubuhi. Mashua zinazotoka kuvua usiku huwa zinaingia, akina mama wanapandisha bei na kuishusha, omena (dagaa) imetandazwa kwenye nyavu ili ikauke, na ziwa lenyewe huwa limetulia. Alasiri upepo huamka na mawimbi hayana huruma kwa mashua ndogo. Pili, mgeni asiingize miguu majini hata kama watoto wanaogelea mbele yake, kwa sababu ziwa letu lina kichocho, na ugonjwa huo huanza kwa kugusana na maji tu. Tatu, hakuna kupanda mashua bila jaketi la kuokoa maisha, na nahodha awe mtu wa pale ufukweni anayejua viboko wanakopenda kukaa. Kuhusu malaria nako, mimi humuuliza mgeni kabla hatujaonana, kwa kuwa ukanda wetu wa ziwa una malaria nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya.

Baada ya hayo ndipo hadithi huja, nazo huja zenyewe. Mtu anashangaa kuambiwa kwamba ziwa hili, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, ni letu kwa asilimia 6 tu na lililobaki ni la Tanzania na Uganda. Anashangaa zaidi kusikia kwamba mbuta (sangara), ambaye leo anauzwa kila mahali, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kwamba alikula aina nyingi za samaki wadogo hadi zingine zikatoweka. Mvuvi mzee akiwepo, humwachia yeye aeleze, nami natafsiri kutoka Kijaluo.

Siku moja gugumaji lilikuwa limesukumwa na upepo usiku kucha likaufunga ufuko mzima. Nilikuwa na wageni wanne kutoka Uholanzi waliokuwa wamengoja kwa hamu kuona ndege wa kwenye mafunjo. Nahodha alijaribu kusukuma kwa upondo, mashua ikaenda urefu wake mara mbili na kusimama, majani yakiwa yameshikana mizizi kama zulia. Tulirudi, nikawapeleka kwa akina mama wanaosuka vikapu na viti kwa gugumaji lililokaushwa na kwa mafunjo. Mama mmoja alimpa msichana wa kundi lile ubua wenye unyevu, akamwonyesha namna ya kuusokota ukiwa bado laini, na kila alipolegeza mama alimshika kidole na kukirudisha mahali pake. Wageni hao waliuliza kuhusu mbolea na maji machafu yanayolisha mmea huo kuliko wangeuliza kuhusu ndege.

Sasa gharama. Najua mila zetu zinasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ni vigumu kumwacha mgeni alipe chakula ukiwa umekaa naye meza moja. Hata hivyo, mwenye kujitolea kila mara akilipa, hatajitolea mwaka mzima. Mimi humwambia mapema kwa simu kwamba muda wangu ni bure, lakini nauli ya tuktuk, mashua na samaki kila mtu anajilipia chake. Samaki tunamchagua akiwa mbichi na tunakubaliana bei kabla hajaingia mafutani. Kijana mmoja wa Mombasa aliuliza kama ngege wake anaweza kupikwa kwa nazi, na mama wa jikoni akamjibu, "Mwanangu, wa ziwani mle kwanza kwa nyanya na ugali, ukitaka nazi baadaye nitakutafutia." Hakuiulizia tena.

Mwongoza watalii mwenye kibali, Kakamega

Nimesoma kwa furaha, lakini naomba kuweka neno kwa niaba ya wenzangu. Msitu wa Kakamega ndiyo masalia ya pekee nchini Kenya ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Afrika ya Kati, na hauingiwi kwa kukisia. Vijana wa Isecheno na Buyangu wamejifunza kwa miaka mingi majina ya miti, sauti za ndege na nyendo za mbega, na ada ndogo wanayolipwa ndiyo karo ya watoto wao. Mkazi mwenye nia njema akiingia na wageni bure, anamnyima kijana huyo siku yake ya kazi, na mgeni naye anatoka bila kumwona turako mkubwa wa buluu aliyekuwa juu ya kichwa chake. Hali ni hiyohiyo Kit Mikayi, ambako pamoja na wageni huja watu kusali na kufunga, na mlinzi wa mahali ndiye anayejua lini na wapi pa kupita kimya.

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Ndugu yangu, nakubaliana nawe kikamilifu na nakushukuru kwa kulisema wazi. Mpaka wangu ni huu: palipo na lango, mashua au msitu, mimi namkabidhi mgeni kwa mwenye kazi yake na kumwambia ada mapema ili asishtuke. Mitaani, sokoni na kwenye mnara wa saa ndiko ninakojitolea, kwa kuwa huko simpokonyi mtu mkate.

Mwanafunzi, Maseno

Shikamooni wakubwa wangu. Mimi huwapokea wanafunzi wa kigeni, na mahali petu pa kuanzia ni alama ya ikweta kando ya barabara, kwa sababu kila mmoja anataka picha akiwa na mguu kaskazini na mwingine kusini. Naongeza mambo mawili tu. La kwanza ni kwa dada zangu wanaojitolea: mkutane na mgeni mara ya kwanza mahali penye watu, mwende wawili ikiwezekana, na mtu wa nyumbani ajue mliko na saa ya kurudi. La pili ni picha. Kabla hatujashuka matatu humweleza mgeni kwamba mtoto hapigwi picha bila mzazi wake kukubali, na kwamba mama wa sokoni aombwe kwanza, tena baada ya kusalimiwa. Humfundisha salamu hiyo tukiwa njiani, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, na namwacha aende mbele yangu akaitumie mwenyewe.