Bwana afya kaniondolea chupa zangu za mahindi sokoni

Mama Zuhura:
Salaam alaikum wote. Naomba anijibu mtu aliyepitia, si wa kusikia. Jumamosi nilikuwa kwenye meza yangu soko la wakulima hapa Marekani kama kawaida: maandazi, achari ya embe, na chupa 24 za mahindi matamu niliyoyatengeneza mwenyewe. EIN (namba ya kodi ya biashara) ninayo, LLC (kampuni iliyosajiliwa) ninayo, cheti cha usafi wa chakula kimetundikwa mbele ya meza. Akaja bwana afya, akainua chupa moja, akauliza nimepikaje. Nikamweleza: nimekata punje kwa kisu, nikatia maji na chumvi, nikafunga mfuniko, nikachemsha ndani ya sufuria ya maji saa nzima. Akasema zote ziondoke. Achari ikabaki, maandazi yakabaki.

Jana nimepiga simu ofisini kwao mara 3. Wa kwanza kasema nijaze fomu ya usajili wa chakula cha nyumbani. Wa pili kasema fomu hiyo haihusu mahindi. Wa tatu kaniacha kwenye simu dakika 40, kisha ikakatika. Swali langu ni moja tu: ipo fomu ya kuniruhusu kuuza mahindi ya chupa? Inaitwaje, na inapelekwa wapi?

Baba Baraka:
Pole sana dada yangu. Mimi nilichoma mahindi soko hilohilo kiangazi kilichopita, mambo ya EBT, kadi za serikali za kununulia chakula, yakanichosha. Mama mmoja na watoto 3 alitaka mahindi ya kuchoma, kadi yake ya SNAP (msaada wa chakula kwa wenye kipato kidogo) ikawa haifai, maana chakula cha moto hakilipiwi kwa SNAP. Hindi lilelile likiwa bichi analipia. Na vocha za WIC za sokoni, zile za kina mama na watoto wadogo, ndiyo kabisa, ni mboga na matunda mabichi tu. Niliwapa bure wale watoto. Kwa hiyo ushauri wangu uza mabichi, utalala usingizi.

Mama Zuhura:
Ahsante kaka, lakini sikuuliza EBT.

Nesi wa Kitui:
Dada Zuhura, nakuandikia kama ndugu. Zile chupa usiziuze, usizile, na usimpe mtoto wala jirani. Mahindi hayana uchachu wa kutosha. Achari yako imeachwa kwa sababu ina siki, pH yake (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) iko chini ya 4.6, na kijidudu cha botulizimu, kile kinachotoa sumu ya kuua kwenye chakula kilichofungwa, hakistawi humo. pH ya mahindi iko juu ya hapo. Mbegu za kijidudu hicho haziuawi na maji yanayochemka, kwa sababu maji ya sufuria hayavuki nyuzi 100 hata uchemshe kutwa. Zinataka nyuzi 116, na joto hilo hulipati bila presha. USDA, wizara ya kilimo ya huku, wameandika wazi: punje kwenye chupa ya painti (karibu nusu lita) dakika 55, ya kwati (karibu lita moja) dakika 85, ndani ya mtungi wa presha wa kuhifadhia. Na sumu yake unaweza usiione wala usiinuse. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, sisemi kukutisha.

Mama Zuhura:
Nimekusikia, dada nesi. Aliyenifundisha ni bibi mmoja Mzungu jirani yangu, amechemsha hivyo maisha yake yote na wajukuu wake wapo. Lakini sibishani na wodi. Chupa nimezitoa kabatini. Sasa basi, nikinunua huo mtungi wa presha, fomu ni ipi?

Kaka Deo:
Presha kuka ya maharagwe inatosha, mbona mnampa gharama?

Nesi wa Kitui:
Haitoshi, Deo! Presha kuka ndogo hupata moto na kupoa upesi, vipimo vya USDA havikutengenezwa kwayo. Tafadhali usiandike jambo la uhai kwa kukisia.

Shangazi wa Tanga:
Wanangu, kwani lazima chupa? Friza ipo. Mimi kila Agosti nanunua mahindi 60 kwa mkulima, yaliyovunjwa asubuhi ileile, kwa sababu hindi tamu likilala sukari yake inageuka wanga. Nachemsha mazima dakika 4, natumbukiza kwenye maji ya barafu mpaka yapoe hadi ndani, ndipo nakata punje na kufunga kwenye mifuko bapa. Januari theluji iko magotini, mimi natoa mfuko mmoja napika mahindi ya nazi.

Na mahindi ya nazi siyo supu, nimeona watu humu wanayaharibu. Tui jepesi kwanza, na kitunguu, bizari ya manjano, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na chumvi. Kama una mahindi mazima, yakate vipande vya vidole viwili, yaive humo. Tui zito linaingia mwisho, unakoroga taratibu bila kuacha, lisikatike. Ukizima moto ndipo ndimu. Mtu anakula kwa mkono, anafyonza gunzi, na mchuzi uliobaki anachovya mkate.

Mama Zuhura:
Shangazi umenikumbusha nyumbani mpaka nimekaa chini. Ila kwetu Mombasa tunatia na nyanya kidogo.

Shangazi wa Tanga:
Nyanya inalikata tui, mwanangu. Ndiyo maana siitii.

Baba Baraka:
Mimi hindi tamu la huku sijalizoea, miaka 11 sasa. Ukilichoma linatoka maji, laini kama limelowekwa. Hindi la kwetu Morogoro lina wanga, unalisikia likilia kwenye mkaa, punje zinang'oka moja moja, unapitisha kipande cha ndimu kilichochovywa chumvi na pilipili. Nimepata njia mbili. Maduka ya Walatino wanauza mahindi ya Peru yaitwayo choclo, yako kwenye friza, punje kubwa nyeupe zenye wanga: pika makande nayo, utaniombea dua. Ya pili, mwombe mkulima anayelima mahindi ya mifugo akuuzie kabla hayajakauka, yakiwa bado na maziwa ukiyafinya. Muulize kwanza amepiga dawa gani na lini. Hayo ukiyachoma yanakaribia kabisa ya nyumbani.

Nesi wa Kitui:
Kwetu tunayakausha, tunayakoboa, tunapika muthokoi na mbaazi. Lakini yakaushwe kweli. 2004 kwetu Ukambani, Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu (sumu ya ukungu) ya mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Ndiyo sababu nakuwa mkali.

Kaka Deo:
Sumukuvu hiyohiyo ndiyo ninyi Wakenya mliyoifanya kisingizio Machi 2021 mkazuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Malori yalipanga foleni mpakani Namanga, wakulima wetu wakalia.

Nesi wa Kitui:
Kisingizio? Waliozikwa Makueni ni kisingizio? Na zuio halikudumu, siku chache tu likageuzwa kuwa masharti ya cheti. Sema yote.

Kaka Deo:
Shangazi yangu aliuza kwa hasara. Hizo siku chache kwake zilikuwa msimu mzima.

Msimamizi:
Deo, Nesi, nawaheshimu wote wawili. Mambo ya mpaka tuyaache. Mada ni chupa za Mama Zuhura.

Mama Furaha:
Jambo wote. Sisi wa Bukavu tunasoma kimya. Mvua ikinyesha jioni, mama yangu alikuwa anatoka na sinia la mahindi ya kuchemsha na maganda yake, tunayafungua yakiwa yanafuka moshi. Huku watoto wangu wanataka siagi juu. Nawapa, lakini kwanza wanamenya wenyewe, waondoe zile ndevu kwa mkono. Hilo siwaachii.

Shangazi wa Tanga:
Mungu akuwekee mama yako, Furaha.

Mama Furaha:
Alituacha 2019. Ahsante, shangazi.

Mama Zuhura:
Poleni sana, Mama Furaha. Nimewasoma wote, na chupa zote 24 nimezitupa, zimefungwa kwenye mifuko miwili kama nesi alivyoniambia kwa simu. Sasa nafikiria achari ya mahindi yenye siki, labda hiyo wataikubali, ila nayo sijui ina fomu yake au inaingia kwenye ile ya kwanza. Jumanne saa 2 asubuhi naenda ofisini kwao mwenyewe, simu basi. Basi la huku kwetu halifiki upande ule. Aliye na gari na nafasi siku hiyo, mafuta nitalipa.